Kemo ya nano: jinsi ya kulinda viganja na nyayo baada ya dripu

Jamani kama mgonjwa wako kaandikiwa doksorubisini ya liposomu, yaani dawa ya saratani (kemo) ya dripu, ile inayouzwa kwa jina la Doxil au Caelyx, soma hapa kabla ya siku ya dripu, mimi nilimuuguza mama mdogo na mengi ya haya tuliyajua viganja vimeshababuka.

Elewa kwanza dawa yenyewe. Ni ile ile doksorubisini nyekundu ya siku zote, ila hapa imefungiwa ndani ya vifuko vya mafuta vidogo mno, kama nanomita 100 hivi (unywele mmoja tu unaweza kuwa na unene wa nanomita 80,000), halafu kwa nje vimevikwa kitu kinachofanya kinga ya mwili isivikamate haraka. Marekani waliipitisha 1995 kwa wagonjwa wa ukimwi wenye saratani ya Kaposi. Mishipa ya damu kwenye moyo imebana vizuri hivo vifuko havipenyi kirahisi, lakini mishipa ya uvimbe wa saratani mara nyingi inavuja, kwa hiyo dawa inapenya huko. Kwa saratani ya matiti iliyosambaa nguvu yake inalingana tu na ile ya kawaida, unafuu mkubwa ni kwamba haiumizi moyo sana kama ile ya kawaida, japo vipimo vya moyo bado vinafanyika.

Sasa vifuko hivyo vinazunguka kwenye damu siku kadhaa, na popote ngozi inaposuguliwa au kupata joto dawa inavujia hapo hapo.

Kwa hiyo siku 7 za mwanzo hakuna kusonga ugali, hakuna kufua kwa mikono, kukuna nazi wala kutwanga, yaani chochote cha kushika kitu kwa nguvu mpe mtu mwingine. Maji ya kuoga yawe ya uvuguvugu au baridi, akimaliza mkaushe kwa kugusagusa na taulo, usifute. Viatu avae ndala pana, asitembee umbali mrefu, jua la mchana akae nalo mbali. Mafuta ya kulainisha ngozi apakwe taratibu bila kukanda, mama mdogo alikuwa anapenda kukandwa miguu na mimi nikawa namkanda kila jioni nikidhani namsaidia, kumbe ndo naiumiza ngozi.

Viganja vikianza kuwasha kama vimechomwa na pilipili, vikawa vyekundu, mwambie daktari kabla ya dozi inayofuata, usisubiri ngozi ibabuke, maana anaweza kuahirisha dozi au kupunguza kipimo. Mama mdogo dozi yake iliahirishwa wiki moja, akarudi kufunga vifungo vya blauzi mwenyewe.

Siku ya dripu yenyewe muulize nesi jina kamili, kwa sababu dozi ya hii na ya doksorubisini ya kawaida hazibadilishani hata kidogo. Inachanganywa na deksitrosi 5% (maji ya sukari ya dripu), sio maji ya chumvi. Dripu ya kwanza inaanza polepole sana, mgonjwa akisikia kifua kubana, mgongo kuuma au uso kuwaka sema saa hiyo hiyo waisimamishe. Mkojo mwekundu siku moja mbili usiwatishe, ni rangi ya dawa.

Ila homa ikifika nyuzi 38, hata kama ni saa nane usiku, mpeleke hospitali.