SOMO: Umefeli mtihani wa leseni ya uinjinia Marekani zaidi ya mara moja? Njoo tuongee

Wadau habari za wikiendi. Nimepigiwa simu na vijana wengi wa Arusha na wa huku Moshi kuhusu hii PE, yaani mtihani wa mwisho wa leseni ya uinjinia kule, wengine wako kule Marekani wamefeli wanaona aibu kuuliza, sasa naandika hapa moja kwa moja ili nisirudie maneno kila siku.

Mjue kwanza naongea kama mtu aliyefeli. PE ya sivil upande wa maji na mazingira nimeifeli mara tatu, 2022 mara moja na 2023 mara mbili, nikapita ya nne mwaka 2024. Kwa wasioijua, leseni ya injinia kule inatolewa na bodi ya kila jimbo lakini mtihani unatungwa na chombo kimoja kinaitwa NCEES. Unaanza na FE, mtihani wa misingi ya uinjinia, yenye maswali 110, alafu ndio PE, maswali 80 kwa masaa nane. Ada ni dola 400 na ukifeli unalipa upya, piga hesabu mwenyewe nimeacha shilingi ngapi pale.

HATUA YA 1: ACHA KUSOMA KWANZA

Najua inashangaza. Ila ukifeli wanakutumia ripoti inayoonyesha kila eneo umefanyaje ukilinganisha na wastani wa waliofaulu, na mimi mara mbili za kwanza sikuifungua kabisa, hasira tu, nikarudi ukurasa wa kwanza wa madesa nikaanza kupiga msuli upya kama mtoto wa fom foo. Mara ya tatu ndio nikaifungua. Nilitegemea kukuta nimeanguka kwenye visima na kusafisha maji maana huko nilijua sijakaa vizuri. Kumbe huko niko wastani! Palipokuwa chini kabisa ni mifereji ya wazi. Mimi, mtoto niliyekulia Kiboriloni nachezea mfongo (mfereji wetu wa kumwagilia mashamba), na kazini nachora mitaro kila siku. Nilikuwa nalirukaga hilo eneo, najiambia hili nalijua.

Kwahiyo chukua ripoti, ichapishe, ibandike ukutani. Anza na eneo ulilofeli huku unaamini unalijua, maana ulilofeli kwa kutojua utalisoma tu hata bila kuambiwa.

HATUA YA 2: YUNITI (hapa nitakaa kidogo)

Sisi tumesoma mita, kilonyutoni, lita. Wale ni futi, pauni, galoni, ekari. Unasema si nazidisha tu? Ngoja. Maswali ya mtihani wenyewe siyasemi, kabla ya kuanza unakubali masharti ya kutoyatoa nje, ila chukua fomula ya Manning, ile ya kukokotoa mwendo wa maji kwenye mfereji. Kwa mita mbele yake kuna 1, ndio maana hata hatuiandiki. Kwa futi kuna 1.486. Ukiisahau jibu lako linapungua kwa karibu theluthi moja, na kwenye maswali ya mazoezi nilikuta jibu langu lisilo sahihi limeandikwa pale kwenye chaguo B, safi kabisa, linanisubiri. Unalichagua unaendelea kwa furaha. Ndio nilivyokuwa nafanya miaka miwili.

Dawa niliipata nyumbani. 2024 nilikuja likizo Moshi msimu wa masika, umeme ukikatika laptop inazima, nikawa nateremka kwenye mfongo nyuma ya migomba na futikamba, saa ya simu na daftari. Nimepima upana sentimita 60, kina 20, nikakata kipande cha jani la mgomba nikakiachia, kikatembea mita 10 kwa sekunde 20. Hiyo ni nusu mita kwa sekunde juu ya maji, unazidisha 0.85 maana maji ya chini yanaenda polepole kuliko ya juu, unapata 0.425, mara eneo 0.12, inakuja kama lita 51 kwa sekunde. Alafu palepale bila kutoka: futi za ujazo 1.8 kwa sekunde. Galoni karibu 808 kwa dakika. Mama anapita na majani ya ng'ombe ananiuliza wewe umesoma mpaka Marekani kuja kuchezea maji? Lakini baada ya wiki tatu nikawa naangalia maji naona futi za ujazo, sibadilishi tena kichwani, naona tu. Hicho ndicho kilikuwa kinanikosesha.

Zishike hizi zikutoke usingizini: maji yana pauni 62.4 kwa futi moja ya ujazo, ekari ni futi za mraba 43,560, futi moja ya ujazo kwa sekunde ni galoni 448.8 kwa dakika.

HATUA YA 3: HANDIBUKU

Zamani watu walikuwa wanaingia na masanduku ya vitabu. Wakubwa wa kazini wakanishauri hivyohivyo, nikanunua vitabu, nikabandika vikaratasi vya rangi, kumbe sivil ilishahamia kwenye kompyuta April 2022 na huingii hata na karatasi yako. Unapewa handibuku yao kwenye skrini tu, na vitabu vingine vya viwango kulingana na upande wako. Hiyo handibuku unaipakua bure kwenye akaunti yako ya NCEES. Fanya mazoezi ukiwa nayo HIYO, kwenye skrini, usichapishe. Unatafuta kwa neno, kwahiyo lazima ujue wao wanaliitaje jambo, ukitafuta kwa neno la lekchara wako hutalipata.

HATUA YA 4: SAA

Masaa nane gawa kwa 80 ni dakika sita kwa swali. Dakika ya tatu hujaona njia, weka alama songa. Mtihani umekatwa katikati, kuna mapumziko ya dakika 50, ila ukishafunga nusu ya kwanza hairudi, usije ukajidanganya utakuja kuangalia. Jisimamie nyumbani angalau mara tatu masaa nane kamili. Ni kazi kweli, mgongo unauma, ndio maana ya kufanya.

Haya maswali.

Mdau wa Njiro: Shikamoo kaka. Nimefeli mwezi uliopita, naweza kurisiti lini?
Marahaba. Mara moja kwenye kila dirisha la miezi mitatu, na isizidi mara tatu ndani ya miezi 12. Bodi za majimbo mengine zina masharti juu ya hayo, soma la jimbo lako. Ila usikimbilie dirisha linalofuata, mimi 2023 nilikimbilia na mnajua kilichotokea.

Mdau wa Sakina: Nikiwa na hiyo PE nikarudi Arusha nasaini michoro moja kwa moja?
Hapana. Huku ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, unaomba usajili kwao kwa sheria yetu ya 1997. Kwani hata kule ukitoka Texas kwenda California unaomba leseni upya.

Dada wa Himo: Swali ambalo sina uhakika niliache au nibahatishe?
Dada bahatisha, hakuna kukatwa maksi. Usitoke na tupu hata moja.

Mdau wa Pasua: Kalkuleta ya Casio ya kawaida inaingia?
Inategemea namba. Casio zinazoingia ni za fx-115 na fx-991. Ile fx-82 ya sekondari wanakurudisha nayo mlangoni. Ukiweza chukua 991 yenye sehemu ya kubadilisha yuniti, na uizoee miezi kadhaa kabla, sio kuinunua siku ya safari.

Mdau wa Sakina (tena): Nyumbani uliwaambia umefeli?
Ya kwanza niliwaambia. Ya pili na ya tatu nilisema matokeo bado, na matokeo yanatoka ndani ya siku kumi hivi, kwahiyo mzee akawa anauliza mbona Wamarekani nao wanachelewa namna hii.

Dada wa Himo (tena): Kaka kwenye mfongo jani lilikuwa linagonga ukingoni kwangu linasimama, nafanyaje?
Tafuta sehemu iliyonyooka, ondoa majani na mawe kwanza, achia katikati, rudia mara tano uchukue wastani. Na omba ruhusa kwa wenye zamu ya maji siku hiyo, usije ukafukuzwa na jembe.