Kabla Hujafungua Koki ya Soda ya Nyumbani

Usiku wa kuamkia sendofu ya binti wa dada yangu, hapa Isevya, Tabora, nililala nikijua nina mtungi wa gesi uliojaa na kegi mbili (mapipa madogo ya chuma ya kutunzia kinywaji chenye gesi) za soda ya tangawizi na asali. Asubuhi soda ipo, gesi hakuna. Ilikuwa imetoka kimya kimya usiku kucha kupitia washa moja iliyochakaa, yaani kile kipete cha kuzibia kiungo, na kaboni dayoksaidi huku kwetu si kitu cha kukimbilia duka la jirani. Wageni wakanywa juisi ya tangawizi, wakashukuru kwa adabu. Siku hizi naikagua kegi siku tatu kabla ya shughuli, tena ikiwa tupu.

Naanza na mipira ya kuzibia, ile ya mviringo kama pete. Hizi kegi za chuma za lita 19 hivi zina mpira mkubwa kwenye mfuniko, mpira mmoja mmoja nje ya vichwa viwili vya juu (kimoja cha gesi, kingine cha kinywaji), na midogo miwili iliyojificha chini ya vichwa, kwenye mirija. Hiyo midogo ndiyo inayosahaulika. Ukinunua kegi iliyotumika, badilisha yote, maana mpira mkuukuu huvuja na pia hubaki na harufu ya soda ya zamani. Paka grisi ya silikoni inayoruhusiwa kwenye vyakula, kidogo tu. Mafuta ya mgando ya kujipaka yaache chumbani. Hufanya mipira ya aina fulani ivimbe na kulegea.

Mfuniko nao una tabia yake. Kile kishikio hakiuzibi peke yake. Ni presha ya ndani inayousukuma juu ukae sawasawa. Kwa hiyo ipe kegi psi 30 (psi ni kipimo cha presha) kwa mkupuo, vuta vali ya usalama mara tatu nne hewa itoke, ndipo ushushe unapotaka. Usivuke kiwango cha mwisho kilichoandikwa kwenye kegi yenyewe.

Kuna mvujo mmoja ulionitesa wiki nzima. Kila nikichomoa kiungio cha kinywaji, tone la soda ya ukwaju linachungulia kichwani, linakua, linateremka. Nikabadilisha mpira mara mbili, bure. Mwishowe nikatoa presha yote, nikafungua kichwa kwa spana na kuitoa ile pini ya ndani: unyuzi wa ukwaju, mwembamba kama unywele, umejilaza mahali pini inapokalia. Tangu hapo ukwaju na tangawizi nachuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili, hata nikiharakishwa.

Kisha povu. Koroga sabuni ya vyombo na maji, chukua brashi, paka kila kiungo gesi ikiwa ndani: mtungi na regeleta (kifaa cha kupunguza presha ya mtungi), vibanio vya mpira wa kupitishia gesi, mfuniko, vichwa, vali. Povu likianza kuvimba, umeshampata mwizi wako. Kati ya mtungi na regeleta kinachoziba ni washa, si nyuzi za skrubu, kwa hiyo tepu ya fundi bomba haisaidii kitu hapo. Halafu funga mtungi, weka alama sindano ya geji (kipimo cha presha) ilipo, ukalale. Asubuhi ikiwa imeshuka, bado kuna mvujo. Nasisitiza kegi iwe tupu, kwa sababu kinywaji baridi hufyonza gesi na sindano hushuka bila mvujo wowote. Nimewahi kufungua vyombo vyote kwa kosa hilo.

Geji ya mtungi isikudanganye pia. Maadamu kuna gesi ya majimaji ndani, itasoma psi 830 hivi kwenye nyuzijoto 20 za Selsiasi, mtungi uwe umejaa au umebaki robo. Ukweli uko kwenye mizani. Mtungi usimame wima, kivulini, na sehemu yenye hewa, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini ya chumba kilichofungwa. Mtungi wa kuzimia moto usiuguse kwa kazi hii.

Siku yenyewe kinachobaki ni baridi na urefu wa mpira wa kupitishia soda hadi kwenye koki. Soda hubeba gesi nyingi kuliko bia: kwenye nyuzijoto 4 nahitaji psi 25 hadi 30. Mpira mfupi na mpana ukitema presha hiyo, utapata povu bila soda. Tumia mwembamba, tundu la milimita 5 hivi, mita 6 au zaidi, uuviringe ndani ya ndoo ya barafu pamoja na kegi. Kwa joto letu la Oktoba barafu nanunua mara mbili ya hesabu, umeme ukikatika nisihangaike. Koki ifunguliwe yote. Ukiifungua nusu inapiga povu.

Glasi ya kwanza itatoka povu tu, kwa sababu koki bado ina joto. Mpe mtoto aliyesimama karibu. Hao povu ndilo wanalolitaka.