Kupiga picha ndege kwenye makumbusho yenye giza, nilivyojifunza pale Dayton

Wadau wa kamera, hii nawaandikia mnaopenda ndege, hasa mlioko huku Marekani, maana wengi wananiuliza mbona picha zao za makumbusho zinatoka na chenga (vidotidoti) au zimetikisika wakati kamera ileile nje inapiga fresh tu. Mi nakaa Columbus, Ohio, kutoka hapa mpaka Dayton ni kama saa moja na kitu kwa gari, na pale kwenye kambi ya Wright-Patterson ndo kuna makumbusho ya taifa ya jeshi la anga la Marekani, ndege na makombora zaidi ya 350 ndani ya mahanga manne makubwa na kuingia ni bure kabisa. Nimeenda mara nyingi sana. Na kuna giza. Si giza la kujikwaa, ila ukitoka kwenye jua ukaingia upande wa vita ya pili ya dunia au ule wa vita baridi inabidi usimame kwanza macho yazoee, taa ziko juu huko zinamulika ndege moja moja na katikati yake ni weusi mtupu. Mwanga ukipiga miaka na miaka juu ya kitambaa, mpira na rangi za zamani unavichakaza, kwa hiyo mnyonge asilalamike, tufanye kazi na mwanga uliopo.

Mara ya kwanza niliacha kamera iamue yenyewe kila kitu. ISO (namba ya wepesi wa kamera kushika mwanga, ikipanda sana chenga zinakuja) ikapanda mpaka 12800, shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ikashuka 1/15 ya sekunde, nimerudi nyumbani na picha mia mbili na hakuna hata moja nilioweza kuchapisha ukubwa wa A4. Iliniuma kweli. Baada ya hapo nikaanza kwenda naangalia kitu kimoja kabla ya kugusa kamera: ngozi ya ndege. Ni nyeusi, inang'aa kama sufuria mpya, imefifia kama majani makavu, au nyeupe? Hilo ndo linaamua karibu kila kitu kinachofuata.

Kamera inapopima mwanga inadhani kila kilichopo mbele yake kina weupe wa wastani, kama kijivu. Sasa simama mbele ya SR-71 Blackbird, ndege ya ujasusi, ya pale Dayton, ile namba 61-7976, ndo iliyoruka misheni ya kwanza kabisa ya kikazi ya SR-71 tarehe 21 Machi 1968. Ndege nyeusi tii, nyuma yake giza. Kamera inaona weusi inaogopa, inaongeza mwanga hadi Blackbird inageuka rangi ya majivu na taa zote zinaungua zinakuwa madoa meupe. Hapo punguza mwanga kwenye kile kipimo cha jumlisha na toa, anzia -1, ikibidi hata -1.5. Halafu usiipige ile ndege kutokea mbele moja kwa moja, zunguka taratibu huku unaangalia ukingo wa ubavu wake mpaka uone taa imechora mstari mwembamba wa mwanga kuanzia puani kwenda nyuma. Ukiupata mstari huo umeipata ndege, kwingine kote acha kuwe kweusi, msomaji wa picha atamalizia umbo mwenyewe kichwani. Watu wengi wanakosea hapa, wanakwenda kuvuta vivuli kwenye kompyuta mpaka hanga inaonekana kama duka la mitumba mchana, na ule uzito wote wa ndege unapotea.

Bockscar ni habari nyingine. Hii ni B-29, ndege ya kubeba mabomu, ndo iliyodondosha bomu la Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945, na mwili wake ni alumini tupu isiyopakwa rangi. Kila taa ya darini inajirudia kwenye ngozi yake. Hapa washa ile onyo ya kamera inayofanya sehemu zilizoungua ziwake na kuzima, na kama unaweza piga tatu kwa mkupuo, moja ya kawaida, moja -2, moja +2, uziunganishe baadaye. Kuna watu wanabeba filta ya polaraiza wakidhani itaondoa mng'ao, kwenye maji na vioo inasaidia ila kwenye chuma kitupu haifanyi kitu cha maana, halafu inakula mwanga ambao tayari huna, iache kwenye begi. Kinachosaidia ni kusogea hatua mbili kushoto au kulia, doa la taa linahama kutoka kwenye maandishi linaenda sehemu isiyokuwa na shida. Na niseme tu, mbele ya ndege ile mimi huwa nakaa kimya kidogo kabla ya kupiga, watu makumi ya maelfu walikufa kwa safari yake moja, sioni sawa kupiga selfi pale na vidole viwili juu.

Memphis Belle, ndege ya mabomu aina ya B-17 iliyomaliza misheni zake 25 mwaka 1943, imewekwa hadharani pale tangu Mei 2018 na rangi yake ni kijani iliyofifia, haing'ai, inameza mwanga. Hii ndo rahisi kuliko zote, kipimo cha kamera kinakaribia ukweli, ila picha inaweza kutoka bapa kama ukuta. Tafuta upande ambao taa inaipiga kwa mshazari ili misumari na viungo vya mabati vitoe vivuli. Ya mwisho ni XB-70 Valkyrie, ndege ya majaribio ya kubeba mabomu, kwenye hanga la nne lililofunguliwa Juni 2016, zilitengenezwa mbili tu na nyingine ilianguka 1966, ile ni nyeupe na urefu wake unakaribia mita 57, hapo fanya kinyume cha Blackbird, ongeza +0.7 hadi +1 la sivyo weupe unakuwa kijivu kichafu. Bahati nzuri hanga hilo lina mwanga zaidi ya mengine.

Haya, tripodi. Ukiruhusiwa kuitumia maisha yanakuwa mepesi sana, lakini kila sehemu ina sheria zake, soma tovuti yao kabla ya kusafiri. Mfano Udvar-Hazy kule Virginia karibu na uwanja wa Dulles, walipo na chombo cha anga za juu Discovery na Enola Gay, ile B-29 ya Hiroshima, tripodi hairuhusiwi. Kama unayo na inaruhusiwa, weka ISO 100, f/8 (tundu la lensi, namba ikiwa kubwa tundu ni dogo), shata iende sekunde 2, 5, hata 10, zima kile kifaa cha lensi cha kuzuia mtikisiko maana kamera ikiwa imetulia chenyewe ndo kinaitikisa, na tumia taima ya sekunde 2 usiiguse kamera kwa kidole. Faida nyingine ambayo sikuitegemea ni kwamba kwenye sekunde 10 watu wanaopita hawatokei, aliyesimama ndo anabaki kama mzuka. Ila miguu ya tripodi usiitanue njiani, wazee wengi wanatembea pale na fimbo, wengine ni maveterani, mtu akijikwaa kwa ajili ya picha yako hakuna picha ya kulipia hilo.

Huna tripodi? Mi nilishona kifuko cha kitambaa nikajaza mchele, kama nusu kilo, kinakaa juu ya reli au juu ya begi na kamera inazama pale inatulia kabisa. Au egemea nguzo, viwiko vibane mbavu, mkanda wa shingo uvute ukaze, toa pumzi taratibu, piga tatu mfululizo, mara nyingi ya kati ndo inatoka safi. Mkononi anzia f/2.8 au f/4, ISO 1600 hadi 6400, shata kwenye 1/60 au 1/30 kama lensi yako inazuia mtikisiko. Usiogope ISO, chenga zinasafishika na programu, picha iliyotikisika haina dawa. Shata pia usiipandishe ovyo, taa za umeme wa Marekani zinapepesa mara 120 kwa sekunde, ukienda juu sana na shata ya kielektroniki picha inatoka na mistari, tumia shata ya kimakanika na 1/60 au pungufu.

Fokasi ndo inasumbua wengi, lensi inaenda mbele inarudi nyuma haikamati. Usiielekeze kwenye bawa jeusi tupu, ielekeze kwenye ukingo wa nyota iliyochorwa ubavuni au fremu ya kioo cha rubani, penye tofauti ya rangi. Ikigoma weka fokasi ya mkono, kuza kwenye skrini, zungusha mpaka maandishi yasomeke. Kwa lensi pana ya mm 20 kwenye kamera ya sensa kubwa, f/8, ukifokasi mita 2 hivi kila kitu kuanzia kama mita moja mpaka mwisho wa hanga kinatoka vizuri, unaacha hapo hapo unaendelea na shughuli.

Fleshi sahau. Fleshi ndogo ya kamera inafika mita chache tu, pua ya ndege inaungua na mkia uko gizani, halafu kwenye vioo inakurudia usoni.

Wenye simu msinune, simu za siku hizi kwenye mwanga hafifu zinafanya maajabu. Tumia lensi kuu ile ya 1x, achana na ile pana ya 0.5 maana sensa yake mara nyingi ni ndogo na chenga zinajaa. Washa modi ya usiku, iegemeze simu kwenye reli ya chuma, gusa sehemu yenye mwanga ya ndege halafu shusha mwanga kwa kidole kidogo. Kingine, weka simu sakafuni kichwa chini miguu juu ili lensi iwe karibu na ardhi, ndege inainuka mbele yako kama mnara na watu wote wa nyuma wanafichwa na magurudumu.

Ndege pale zimebanana, bawa la hii limeingia chini ya tumbo la ile, kwa hiyo kupata ndege nzima peke yake ni bahati. Acha kuhangaika, vuta zumu kwenye kipande: propela, mchoro wa puani, alama za mabomu chini ya dirisha. Wanafungua saa 3 asubuhi, nenda siku ya kazi na uanzie hanga la mwisho wakati wengine wote wanaanzia la kwanza, utapata karibu saa nzima ya utulivu.

Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, kwa sababu taa za aina tofauti zinachanganya rangi, hapa njano pale bluu, na kwenye RAW unarekebisha baadaye bila kuharibu. Kila ukimaliza ndege moja piga na kibao chake cha maelezo, kwa pembeni kidogo kisirudishe taa, la sivyo ukifika nyumbani una F-86 na MiG-15, ndege za kivita zinazofanana, zimechanganyika kwenye kadi na hujui ipi ilisimama wapi.