Jinsi ya kupanga s ndefu kama wachapaji wa London wa karne ya 18

Katika kitabu cha Kiingereza kilichochapwa mwaka 1740, neno "ſame" husomeka haraka kama "fame". Herufi ile ya kwanza si f, ni s ndefu, umbo la zamani la s ndogo. Itazame kwa karibu: kijistari cha f hukata shina pande zote mbili, ilhali s ndefu ina kijinundu upande wa kushoto tu, na kwenye italiki mara nyingi hata hicho hakipo. Usiazime f kuijazia nafasi, hata kwa muda. Ukishazichanganya, kuzitenganisha ni kusoma kazi yote upya, neno kwa neno.

Kabla ya yote, amua unaiga mwaka gani. Gazeti la The Times liliiacha s ndefu mwaka 1803, na wachapaji wengi wa London walikuwa wakiiacha miaka hiyohiyo. Bango la mwaka 1830 lenye s ndefu kila mahali halitamdanganya anayejua.

Kanuni kuu ni fupi: s ndefu hukaa mwanzoni na katikati ya neno, s ya kawaida hukaa mwishoni. Ndiyo maana "possess" hupangwa "poſſeſs". S kubwa haina umbo refu, kwa hiyo vichwa vya herufi kubwa tupu viache vilivyo.

Makosa hutokea kwenye vighairi. Kabla au baada ya f, tumia s ya kawaida: "misfortune". Kabla ya alama ya ritifaa pia: "clos'd". Kabla ya b na k inategemea mwaka: hadi nusu ya kwanza ya karne ya 18 waliandika "husband" na "ask", baadaye "huſband" na "aſk". Neno likikatwa mwishoni mwa mstari, s inayotangulia kistari huwa ndefu: "neceſ-ſary". Lakini kistari cha neno ambatani hakibadilishi kitu, hivyo "croſs-piece".

Kwenye kompyuta, maliza kwanza kusahihisha matini yote na uhifadhi nakala yenye s za kawaida, maana kikagua tahajia kitayakataa maneno mapya. Kisha tumia kutafuta na kubadilisha kwa ruwaza ya regex s(?=[a-z]), yaani s yoyote inayofuatwa na herufi ndogo, uweke ſ, ambayo katika Unicode ni herufi U+017F. Washa sharti la kutofautisha herufi kubwa na ndogo. Bila hilo S kubwa zitageuka pia. Baada ya hapo rudisha ſf iwe sf na fſ iwe fs, na kwa kazi ya kabla ya 1750, ſb na ſk vilevile.

Linabaki suala la fonti. Kichwa cha s ndefu ya risasi, metali iliyotengenezewa herufi za kuchapia, kilining'inia nje ya kipande chake, kikigongana na h, l au s ndefu nyingine iliyofuata, na kingeweza kuvunjika. Kwa hiyo jozi kama ſh, ſi, ſl, ſſ na ſt zilimiminwa pamoja katika kipande kimoja. Chagua fonti yenye herufi hizo unganifu, mathalani IM Fell au Junicode, uwashe kipengele cha herufi unganifu, halafu chapa ukurasa mmoja uukague kwenye karatasi. Jozi zikigusana vibaya au zikiachana mno, kipengele hicho hakijawaka.