Kuitazama na kuipiga picha M87, galaksi duaradufu

Anayeiona M87 mara ya kwanza hudhani lenzi imeingia ukungu. Haina mikono wala ukingo. Kitovu kinang'aa, kisha mwanga unafifia taratibu hadi usijue umeishia wapi. Kufifia huko ndiko kazi yenyewe, kwa jicho na kwa kamera.

Hatua ya 1: Chagua usiku usio na mwezi, Aprili au Mei. Darubini ya kipenyo cha sentimita 15 inatosha kabisa.

Hatua ya 2: Vuta mstari kutoka nyota Denebola, mkiani mwa kundinyota la Simba, hadi nyota Vindemiatrix katika kundinyota la Mashuke. Katikati yake zipo galaksi M84 na M86, zimekaribiana. Kutoka M86 sogea digrii moja na robo kusini-mashariki, utaifikia M87. Tumia lenzi ya ukuzaji mdogo.

Hatua ya 3: Kaa gizani nusu saa, kisha usiikazie macho, tazama pembeni yake kidogo. Galaksi itaanza kutanuka. Usiwe na haraka hapa: mwanga huo umesafiri miaka zaidi ya milioni 50.

Hatua ya 4: Kwa stendi yenye mota inayofuata nyota, piga picha nyingi za sekunde 60 hadi 120, kisha seti nyingine ya sekunde 5 hadi 15. Zile ndefu zinaleta mwanga hafifu wa nje lakini zinaunguza kitovu, yaani kinatoka cheupe tupu. Fupi zinakiokoa, na humo umo mkondo alioutambua mwanaastronomia Heber Curtis mwaka 1918: kijistari chembamba kinachotoka karibu na shimo jeusi la kitovuni mwa M87, lile lile ambalo picha yake ilitolewa 2019. Hewa ikitulia, darubini ya sentimita 20 inaunasa. Kwangu hakuna picha tamu kuliko hiyo.

Hatua ya 5: Kabla hujaitoa kamera kwenye darubini, bila kugusa fokasi, piga picha za uso mweupe wenye mwanga sawa. Usiruke hatua hii. Lenzi na vioo hutia giza kwenye pembe za picha, na giza hilo linafanana mno na kufifia kwa galaksi. Bila picha hizi huwezi kuvitenganisha.

Hatua ya 6: Zipange picha moja juu ya nyingine kwa programu, kisha inua mwanga kidogo kidogo. Unapoondoa mwanga wa mji, weka alama za sampuli, yaani sehemu ambazo programu inapimia mwanga wa anga, mbali na galaksi. Mimi niliwahi kuziweka karibu, programu ikaufuta mwanga wote wa nje, ikabaki nukta nene tu.