Kikombe cha fedha cha zamani: kukisafisha na kukiweka

Kabla ya kushika kitambaa, kipindue. Tafuta alama zilizogongwa kwenye kitako au karibu na ukingo. Simba anayetembea ni fedha ya Uingereza, 925 kwa 1000. Namba 800 pamoja na mwezi mchanga na taji ni ya Ujerumani, kuanzia 1888. EPNS si fedha tupu, ni metali nyingine iliyopakwa fedha kwa umeme. Ukiisugua sana, kingo huchubuka na rangi ya chini hutokeza.

Weusi wake huletwa na salfa ya hewani. Ukwaju na jivu, vinavyong'arisha shaba, viache jikoni: jivu hukwaruza. Ndimu na chumvi vivyo hivyo, chumvi huila fedha.

Kikombe kisicho na nakshi kitie kwenye sufuria kuukuu ya alumini, kiguse chuma chake. Mimina lita 1 ya maji ya moto yenye kijiko kikubwa 1 cha magadi, yakifunike chote. Dakika 2 hadi 5 zinatosha. Utasikia harufu ya yai viza: ni salfa inatoka. Suuza, ukaushe hapo hapo.

Chenye nakshi usikizamishe. Weusi uliolala kwenye mistari ya maua ndio unaoyaonyesha. Ukitoka, kikombe hufanana na bati. Chenye kitako kizito pia usikichemshe, kwani huenda kimejazwa lami ndani, ikilainika shina linalala upande. Hivi vioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na pamba. Dhahabu iliyopakwa ndani usiisugue, imewekwa ili uchachu wa mvinyo usiile fedha.

Sasa pombe. Hapa Tanga wapo watakaotaka kifichwe kwa kuwa kilitiwa mvinyo, kisha wasione tabu kukitilia sharbati ya bwana harusi. Wamegeuza mambo! Mvinyo huoshwa ukaondoka. Katazo la kunywea chombo cha fedha limo katika hadithi za Bukhari na Muslim, hata kinywaji kikiwa maji. Na kwa kuwa wanazuoni wengi hukataza hata kukiweka pambo, muulize shehe kabla ya kukipanga kabatini. Anayekinywea tembo la mnazi akisuuze usiku huo huo. Likilala humo, asubuhi limeshaanza kuwa siki.

Kukiweka, kizungushie kitambaa cha pamba kilichofuliwa, na vipande 2 vya chaki vinyonye unyevu wa bahari. Usikifunge kwa mpira: huacha pete nyeusi hata juu ya kitambaa.