SHA na NSSF kwa asiye na mwajiri: anza hivi

Mimi ni fundi wa nguo hapa Majengo, Mombasa, na kwenye chama chetu ndimi mweka hazina. Kuna wauza viazi karai, wasusi, madereva wa tuktuk. Hatuna mwajiri wa kutukata mshahara, kwa hivyo twajikata wenyewe.

Hatua ya kwanza ni SHA, bima ya afya ya serikali, maana ugonjwa haungoji uzee. Piga *147# ukiwa na kitambulisho, au nenda Huduma Centre pale Posta, Digo Road. Mwandikishe mwenzi wako na watoto. Wazazi hawaingii kwako. Wao hujiandikisha kivyao.

Pili, jibu maswali ya kupima uwezo: nyumba imejengwa kwa nini, maji mwayapata wapi, mwapikia nini, mko wangapi. Usiyakimbize, tafadhali, wala usimwachie mtu akujibie. Majibu hayo ndiyo yanayokadiria mchango wako: asilimia 2.75 ya pato la nyumba, na haushuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Pato likikadiriwa 20,000, utatakiwa 550 kwa mwezi, yaani 6,600 kwa mwaka.

Tatu, lipa. Hapa ndipo watu wanapoumia. Kujiandikisha kwakupa matibabu ya bure kwenye zahanati na kituo cha afya, lakini kulazwa hospitali kubwa kwataka mchango uliolipwa, na sisi wa kujiajiri twalipa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Shangazi yangu aliandikishwa akadhani yamekwisha. Usiku aliolazwa tulipigiana simu ukoo mzima kuchanga. Tangu siku ile, chama chetu hukusanya shilingi 20 kwa siku kwa kila mmoja. Kwa mwaka ni 7,300, na mwenye kukadiriwa 6,600 hubakiwa na chenji.

NSSF, yaani mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, haina mzigo wa mkupuo. Piga *303# ujiunge na Haba Haba, mpango wake wa kuweka kidogo kidogo: kuanzia shilingi 25 kwa siku, kwa M-Pesa. Ukiweka 25 kila siku, mwaka unaisha na 9,125. Ukichangia miaka 5 waruhusiwa kutoa nusu, ingawa mimi yangu siigusi. Naiwekea siku ambazo macho hayataona tundu la sindano.

Uliwahi kuajiriwa? Basi namba ya NSSF unayo. Itafute uendelee nayo, usifungue nyingine. Na kila ukilipa, nakili namba ya muamala kwenye daftari, kwa sababu simu hupotea.